Kukamata si Kuhukumu: Sheria za Pwani na Uhalifu wa Bahari ya Hindi

Uharamia wa Somalia husimuliwa zaidi kwa majina ya meli. Septemba 2008 ilitekwa Faina, iliyokuwa na vifaru 33 ikielekea Mombasa. Novemba ikafuata Sirius Star, meli ya mafuta ya Saudia. Desemba Umoja wa Ulaya ukaleta kikosi cha Atalanta, mataifa mengine nayo yakaleta manowari zao, wenye meli wakapandisha walinzi wenye bunduki, na kufikia 2013 utekaji ulikuwa umekaribia kukoma. Yote hayo ni kweli, ila sehemu ngumu kuliko zote haimo. Manowari humkamata mtu, haimhukumu. Udhaifu mkubwa wa ulinzi wa bahari yetu uko nchi kavu, katika sheria na mahakama za nchi za pwani. Kwa maharamia tumeuziba, tena kwa shida. Kwa wahalifu wengine bado uko wazi.

Kesi za Mombasa zinaonyesha shida hiyo ilivyokuwa. Januari 2006 jeshi la majini la Marekani liliwakamata Wasomali kumi waliokuwa wameteka jahazi la Kihindi, likawakabidhi kwa Kenya, na mahakama ikawafunga miaka saba kila mmoja. Kuanzia mwishoni mwa 2008 Kenya ikakubaliana na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya kupokea watuhumiwa zaidi. Mwaka 2010 ikafunguliwa mahakama maalumu Shimo la Tewa, kwa msaada wa ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu. Jengo lilikuwepo na fedha zilikuwepo. Sheria ndiyo iliyoyumba. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu, kilichotumika kuwashitaki watuhumiwa wengi, kilikuwa kimefutwa na sheria mpya ya usafiri wa meli ya mwaka 2009, na Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu ya kosa lililotendeka nje ya maji ya nchi. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Rufani Oktoba 2012: uharamia ni kosa ambalo taifa lolote laweza kuliadhibu, popote baharini lilipotendeka. Kwa karibu miaka miwili, basi, bahari ilijaa manowari huku bandari kubwa kuliko zote katika pwani hii ikiwa haina hakika kama inaweza kumfunga haramia. Wapo waliomlaumu jaji wa 2010. Mimi simlaumu. Jaji husoma sheria aliyoikuta, na aliyepaswa kuiandika vizuri ni Bunge.

Tanzania ilipata funzo kama hilo kwa upande wa uvuvi. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua jodari katika ukanda wa kiuchumi wa Tanzania bila kibali. Wasomaji wengi wanawakumbuka samaki wale, waliobatizwa “samaki wa Magufuli” kwa jina la waziri wa wakati huo. Nchi ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Washitakiwa wawili walitiwa hatiani mwaka 2012, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu kwa kasoro za kisheria katika uendeshaji wa mashitaka. Wakati huo samaki walikwisha gawiwa, na meli ilikuwa imeharibika bandarini Dar es Salaam. Ukamataji ulikuwa wa kishujaa. Kesi haikusimama.

Pengo lililo wazi hadi leo ni la heroini. Majahazi hutoka pwani ya Makran, inayokatiza mipaka ya Iran na Pakistan, yakasubiri bahari itulie, kisha yakashuka hadi Kenya, Tanzania na Msumbiji. Aprili 2014 manowari ya Australia, Darwin, ilikuta zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi karibu na pwani ya Kenya. Mara nyingi vikosi vya kimataifa vinapopata mzigo wa namna hiyo, dawa huharibiwa na mabaharia huachwa waende zao. Si kwa huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, katika kifungu cha 105, unairuhusu kila nchi kumkamata haramia katika bahari kuu na kumhukumu. Kuhusu dawa za kulevya, kifungu cha 108 kinazitaka nchi zishirikiane tu. Kifungu cha 110 kinaruhusu kulipanda jahazi lisilo na bendera, lakini hakisemi nahodha wake ahukumiwe wapi. Kwa hiyo tajiri hupoteza mzigo mmoja, na nahodha yule yule huweza kurudi msimu unaofuata. Wanaoumia ni vijana wa Mombasa, Malindi, Tanga na Unguja.

Wapo wanaosema chanzo cha uharamia wote ni wizi wa samaki wa Somalia, na kwamba maharamia walianza kama walinzi wa bahari yao. Wizi huo ni wa kweli na unastahili mashitaka. Lakini Juni 2005 meli ya Semlow, iliyotoka Mombasa na mchele wa msaada kwa Wasomali walioathiriwa na tsunami, ilitekwa na kushikiliwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Hakuna samaki aliyelindwa kwa kitendo hicho.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la gharama. Mwaka 2010 Kenya yenyewe ilitoa notisi ya kujiondoa katika makubaliano yale ya kupokea watuhumiwa, ikilalamika kwamba mzigo umeiangukia peke yake. Lalamiko lilikuwa la haki. Lakini gharama haizuii nchi kujiandaa kisheria; tutazame India. Mwaka 2022 ilitunga sheria mahususi ya kupambana na uharamia, na Machi 2024 jeshi lake lilipoikomboa meli ya Ruen na kuwakamata maharamia 35, wote walipelekwa Mumbai kushitakiwa.

Kwa hiyo mabunge ya Nairobi, Dodoma na Maputo yaandike sheria inayozipa mahakama zao mamlaka ya wazi juu ya jahazi lisilo na bendera linalobeba dawa kuelekea pwani yao, pamoja na utaratibu wa kupokea watuhumiwa na ushahidi kutoka manowari za kigeni. Mataifa yanayotuma manowari hizo yalipie sehemu ya gharama za waendesha mashitaka, wakalimani na magereza.