Ototrofu Wasiolijua Jua

Mwulize mwanafunzi wa sekondari pale Buruburu, Nairobi, ototrofu ni nini, atakujibu kuwa ni mmea, kwa kuwa hujitengenezea chakula kwa jua. Alama atapata. Lakini jibu hilo limewaacha nje viumbe wanaoishi katika giza la mabomba ya majitaka, chini ya mitaa kama wake.

Humo ndani, uchafu uliokosa hewa hutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hupanda hadi sehemu ya juu ya bomba, penye unyevu, na hapo bakteria wa jamii ya Thiobacillus huiunguza kwa oksijeni ili wapate nishati. Kaboni ya kujengea miili yao huitoa kwenye kaboni dioksidi. Wanachokiacha ni asidi ya salfuriki, nayo huila saruji hata bomba likabomoka. Jua hawalijui, jani wala mzoga hawaugusi, na bado ni ototrofu halali. Sergei Winogradsky, Mrusi aliyewachunguza bakteria wa salfa katika miaka ya 1880, ndiye aliyeonyesha kwamba kiumbe anaweza kuishi hivyo.

Ototrofu ni jibu la swali moja tu: kaboni yatoka wapi? Anayeipata kwenye kaboni dioksidi ni ototrofu. Anayeipata kwa wenzake, wazima au mabaki yao, ni heterotrofu: sisi, mbuzi, uyoga, na marabu wa jaa la Dandora. Nishati ni swali jingine. Fototrofu hutumia mwanga, kemotrofu hutumia kemikali. Kuna na swali la elektroni: lithotrofu huzichukua kwenye salfa, amonia au hata maji, oganotrofu kwenye misombo ya kaboni iliyotokana na uhai. Mpangilio wa majina ya namna hii ulijadiliwa mwaka 1946 katika mkutano wa Cold Spring Harbor, Marekani. Kwa hiyo bakteria wetu wa bombani ni kemolithoototrofu, na sukumawiki ni fotolithoototrofu.

Je, tulitafsiri neno “ototrofu”? Mtu anaweza kupendekeza “kijilishi”. Silitaki. Anayejilisha ni mtoto aliyekwisha kujua kushika kijiko, na mtoto huyo ni heterotrofu mtupu. “Usanisinuru” limekubalika kwa sababu linataja kinachotendeka, yaani kusanisi kwa nuru. Kwa majina haya mengine, afadhali tukope, tuandike kwa sauti zetu, kisha tueleze.

Na mifano ya kuelezea ipo: sehemu kubwa ya majitaka ya Nairobi huishia kwenye mabwawa ya Ruai. Huko bakteria heterotrofu huozesha uchafu na kutoa kaboni dioksidi. Mwani huitumia pamoja na jua, nao huwarudishia bakteria oksijeni. Waandishi wa vitabu vya biolojia, wekeni bwawa hilo na bomba lile kando ya mchoro wa mhindi.