Jina la SMG katika Nyanda za Juu za Kusini

Kijana aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa huko Mafinga, mkoani Iringa, au Itende, mkoani Mbeya, hurudi kwao na majina mawili ya bunduki: SAR na SMG. Ya kwanza hutoa risasi moja kila ifyatuliwapo. Ya pili ndiyo ile yenye magazini iliyopinda, ambayo wengi huiita AK-47. Herufi SMG ni kifupisho cha Kiingereza, na kwa mafundi wa silaha maana yake ni rashasha ndogo itumiayo risasi za bastola. Lakini bunduki hii haitumii risasi za bastola. Risasi yake ni ya kadiri, yenye nguvu kuliko ya bastola na fupi kuliko ya bunduki za zamani za askari wa miguu. Na mpigaji huchagua kupiga moja moja au mfululizo. Kwa sifa hizo huhesabiwa kuwa bunduki ya kushambulia, wala si kwa umbo lake la kutisha.

Je, waliolileta jina hilo walikosea? Si haki kuwahukumu upesi. Jeshi la Wananchi liliundwa mwaka 1964, na Uchina ikawa miongoni mwa nchi zilizolipa silaha na wakufunzi. Wachina, walioanza kuunda bunduki hiyo ya Kirusi mwaka 1956, waliiita chongfengqiang, yaani bunduki ya kumvamia adui. Kwa kuwa neno hilo hilo walilitumia kwa rashasha ndogo, tafsiri ya Kiingereza ikafuata maana hiyo, na inaelekea ndiyo njia iliyolifikisha Mafinga. La ajabu ni kwamba neno la Kichina, likifasiriwa sisisi, lakaribiana mno na Sturmgewehr, jina walilotumia Wajerumani mwaka 1944, ambalo ndilo asili ya usemi huu wa bunduki ya kushambulia.

Majina ya namna hii humpoteza hata msomaji wa historia. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, na wengi leo huwaza mikuki ikipambana na risasi za mfululizo. Sivyo. Bunduki za askari wale zilikuwa Mauser za namna ya 1871, zenye kutiwa risasi moja moja kwa mkono. Kulisema hili si kuupunguza ushujaa wa Wahehe, bali ni kuitambua akili yao: waliotokea karibu, kwa ghafula, hawakumwachia adui nafasi ya risasi ya pili. Bunduki zipatazo 300 zilitekwa siku ile. Hata hivyo Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na wahunzi wa Uhehe, waliojua kufua mikuki na majembe, hawakuwa na njia ya kuunda ganda la risasi ya Mauser.