Udongo wa bonde la Ruzizi: historia ambayo mkulima anakimbia nayo

Mama mmoja kutoka Sange, anayeishi sasa na watoto wake kwa ndugu zake huku Panzi, alinionyesha kishamba chake nyuma ya jikoni. Ni hatua kumi kwa sita, kwenye mteremko. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na majani yake yamegeuka manjano. Mbegu ilikuwa nzuri, alipalilia mara mbili, na mvua haikukosa.

«Mwanangu,» aliniambia, «mkono ni uleule, jembe ni lilelile. Udongo ndio si ule.»

Neno lake lilinifuata hadi nyumbani. Sisi tunaozungumza kwenye redio tunasema tu «watu wameacha mashamba yao», kana kwamba shamba ni kitu kimoja kila mahali, na ukipoteza moja utapewa lingine la namna ileile. Sivyo. Leo tuone udongo wa bonde la Ruzizi ulitoka wapi, nani aliupima na kuupa majina, na kwa nini jambo hili linamhusu mtu aliyekimbia bila kubeba hata kikapu.

Bonde lililojengwa na maji

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya kitaifa nambari 5, unapita Nyangezi, unashuka miteremko ya Ngomo, joto linaanza kukupiga usoni, na ukifika Kamanyola nchi inafunguka mbele yako. Umeshuka sana. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa mita 1.460 hivi juu ya bahari, na Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Mto Ruzizi unaunganisha maziwa hayo mawili kwa mwendo wa kilomita 117.

Zamani za kale maji ya Kivu hayakuwa yanakuja upande wetu. Yalikwenda kaskazini. Kisha volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likapanda, na miaka kama 10.000 iliyopita likamwagika kusini, pale Bukavu ilipo leo. Mto ukakata mawe kwa nguvu hadi Kamanyola, na ulipofika kwenye tambarare ukatulia na kuanza kuzunguka-zunguka. Maji yanayokwenda mbio hubeba mawe na mchanga. Maji yaliyotulia hulaza tope laini chini. Upande wa magharibi nako, mito inayoshuka milimani, kama Luberizi, Sange na Kiliba, imekuwa ikileta udongo wake kila msimu wa mvua.

Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kushuka mara nyingi. Mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini ya ziwa, kwa sababu Wazungu walikuwa wakibishana: je, Ruzizi inaingia ziwani au inatoka? Wakaona kwa macho yao kwamba inaingia. Swali ambalo mvuvi yeyote wa Uvira angelijibu bila kusimamisha nyavu zake.

Lakini ziwa waliloliona lilikuwa juu kuliko tunavyolijua. Mlango wake wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kalemie, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Cameron alifika pale mwaka 1874 akakuta maji yamekwama. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za bonde, zile za karibu na ufuko, zilikuwa chini ya maji wakati wa babu wa babu zetu. Ni udongo mchanga kiumri. Kwa kuhesabu miaka ya ardhi, umezaliwa jana.

Shamba moja, udongo wa aina nyingi

Kwa sababu hiyo bonde halina udongo wa aina moja. Karibu na milima, ambako mito inatupa mzigo mzito kwanza, kuna kokoto na mchanga. Kando ya mito katikati ya bonde kuna udongo tifutifu, ambao mchanga, tope laini na mfinyanzi vimechanganyika kwa kipimo kizuri. Unapitisha maji lakini haukauki upesi, na jembe linaingia bila vita. Hapo ndipo mahindi, maharagi na nyanya hupenda.

Kwenye mabonde madogo, ambako maji husimama, kuna mfinyanzi mweusi. Mvua ikinyesha unashika miguu kama gundi. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaweza kuingia. Wataalamu wanauita vertisoli. Mahindi yanateseka hapo, lakini mpunga unafurahi. Tena kuna sehemu ambazo kiangazi huonyesha ukoko mweupe juu: ni chumvi iliyopandishwa na jua. Maji ya chini yanapanda, yanakauka, na chumvi inabaki. Mbegu huota pale kisha inaungua.

Mimea ya asili inafuata udongo huo. Bonde limefichwa na milima, kwa hiyo linapata mvua kidogo kuliko Bukavu, na kiangazi chake ni kirefu na kikali. Ndiyo maana asili yake ni nyasi, miiba, mikoche na miti ya utomvu mweupe, si msitu mkubwa. Nyasi nazo zina kazi yake. Mizizi yake mingi hufa ndani ya ardhi, inaoza hapohapo, na kuupa udongo rangi nyeusi na nguvu. Udongo wa namna hiyo uko pia kwenye nyika za Urusi na Ukraine, na kwenye tambarare za nyasi huko Marekani. Ni udongo mweusi wa nyika za Urusi ambao Dokuchaev aliuandikia kitabu mwaka 1883, akaonyesha kwamba udongo si mwamba uliosagwa tu. Ni mtoto wa vitu vitano: mwamba, hali ya hewa, viumbe, umbo la nchi, na wakati.

Sasa rudi Panzi. Hapa mwamba wa chini ni wa volkano za zamani sana. Mvua nyingi ya miaka isiyohesabika imeuozesha na kuosha chakula cha mimea, na kuacha mfinyanzi mzito wenye chuma. Ndicho kinachoupa wekundu. Wakulima wa Walungu wanauita kalongo udongo mwekundu uliochoka. Fosforasi iliyomo, na hata ile unayoongeza, inashikwa na huo udongo na mmea hauipati kwa urahisi. Mama wa Sange hakukosea kazi. Alitoka kwenye udongo mchanga wa mto, akaanguka kwenye udongo mzee wa mlima.

Waliochora ramani

Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye makao Yangambi. Hapa kwetu Kivu ilikuwa na kituo cha Mulungu, upande wa Kabare. Bonde la Ruzizi liliwavutia mapema. Mwaka 1952 René Germain alitoa kitabu kizima juu ya mimea ya bonde hilo, akionyesha kila aina ya nyasi inasimama juu ya udongo gani. Ramani za udongo zilifuata, na mtaalamu Sys akapanga udongo wa Kongo nzima katika makundi. Mwaka 1964 D'Hoore akatoa ramani ya udongo wa Afrika, na mwaka 1974 FAO na UNESCO wakaanza kutumia majina ya dunia nzima. Uhuru ulipokuja INEAC ilisambaratika, na mwaka 1970 ikazaliwa INERA.

Ilikuwa kazi ya kweli, iliyofanywa kwa jasho. Watu walichimba mashimo, wakapima tabaka moja moja, wakaandika rangi na chumvi. Lakini tuseme pia ilikuwa ya nini. Serikali ya koloni ilitaka kujua pamba itaota wapi, miwa itaota wapi, na watu wapangwe wapi. Pamba ililimwa kwa lazima. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilijengwa miaka ya 1950 juu ya udongo huohuo, kikafanya kazi hadi vita vya 1996. Ramani ilijibu swali moja: ardhi hii itatoa nini? Haikuuliza: nani anaijua, na nani anaila?

Na waliokuwa wanaijua walikuwepo. Hao wataalamu walipofika, wakulima wa bonde walikwisha kuacha sehemu za chumvi kwa ng'ombe, mpunga kwenye weusi, mihogo kwenye kokoto. Majina yao ya udongo yalikuwa kwenye Kifuliru, Kivira na Kirundi. Yale ya ramani yaliandikwa Kifaransa, yakachapwa Bruxelles. Mpaka leo ya Bruxelles yako kwenye maktaba. Ya wazee wetu yako vichwani mwao, na kila mazishi yanaondoka na mengine.

Kinachopotea sasa

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubeba nyumba. Miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika likapanda tena na kufunika mitaa ya kando. Mafuriko yanapopita juu ya shamba yanaweza kuleta tope zuri, au kulizika chini ya mchanga na mawe. Mwenye shamba akirudi atakuta aina nyingine ya udongo kuliko ile aliyoiacha.

Kisha Februari 2025, vita vilipofika upande wa Kamanyola, watu makumi ya maelfu walivuka mto Ruzizi na kuingia Burundi. Wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Wengine walipanda milimani, wengine wakaja kwa ndugu huku mjini. Wale waliovuka walikanyaga udongo uleule, maana tambarare ya Imbo ni nusu ya pili ya bonde letu. Lakini walikanyaga kama wageni.

Mashamba yetu mengi hayana karatasi. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, na kwamba mashamba ya kimila yatapangwa na amri ya rais. Watu wamesubiri amri hiyo miaka na miaka. Mpaka wa shamba kwetu unashikwa na mti, mfereji, jiwe, na kumbukumbu ya mzee. Mti ukikatwa, mfereji ukijaa mchanga, inabaki kumbukumbu. Na mzee akifia ukimbizini, watoto watarudi na neno moja tu: «kwetu ni upande ule». Ugomvi mwingi wa mashamba unaanza kwenye neno hilo.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo kwa kila familia iliyohama. Chukua daftari la mtoto, keti na mzee, uandike. Shamba liko wapi, na majirani wa pande zote nne ni nani. Udongo wake ni wa rangi gani ukiwa mkavu, na ukiwa na maji. Wapi unapasuka kiangazi, wapi panatoka weupe wa chumvi. Mwaka gani maji yalifika, na yalifika wapi. Nini kiliota vizuri, kwenye kona gani. Maandishi hayo si hati ya ardhi. Lakini mbele ya wazee wa kijiji, mtu anayejua shamba lake linapasuka wapi hasemi sawa na mtu anayebahatisha.

Na kwa hapa mlipo sasa, pimeni udongo kabla ya kupoteza mbegu. Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, uiache. Mchanga unakaa chini kwa dakika moja. Tope laini linafuata kwa saa chache. Mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Ukiona mfinyanzi umeshinda vyote, na udongo ni mwekundu kama wa Panzi, usitegemee utoe kama ule wa Sange. Uwekee mbolea ya samadi au majani yaliyooza pale pale kwenye shimo la mbegu, na majivu kidogo ya jikoni kupunguza uchachu. Tengeneza matuta ya kukata mteremko, ili mvua isibebe kazi yako hadi ziwani.

Nilirudi kwa yule mama baada ya wiki tatu. Binti yake wa shule alikuwa amechora shamba la Sange kwenye daftari, na walikuwa wanabishana. Mtoto alisema sehemu ya chumvi iko karibu na mfereji. Mama akasema hapana, iko kule tulikofungia mbuzi, karibu na mfereji ni mpunga. Alichukua kalamu mwenyewe akasahihisha. Nyuma ya jikoni ameng'oa mahindi, ameweka samadi, na lenga-lenga zimeanza kuota.

Kama unajua jina la udongo kwa lugha yenu, Kifuliru, Kivira, Kirundi, Mashi au Kibembe, pamoja na kinachoota juu yake, utuletee. Tutayasoma redioni, moja baada ya jingine, na kuyaandika hapa.