Mnunuzi wa lulu atazame mng'ao kabla ya ukubwa

Mikufu miwili ya lulu yaweza kulazwa pamoja katika duka la sonara, ikafanana kwa rangi na ukubwa, ilhali bei zake zimeachana kama mbingu na ardhi. Mnunuzi asiyejua sababu hulazimika kuliamini neno la muuzaji. Hata hivyo, maarifa machache yanatosha kumwepusha na hasara.

Tofauti na almasi au yakuti, lulu haichimbwi ardhini. Huumbika ndani ya mwili wa chaza. Kitu kigeni, aghalabu kidudu, kikimpenya, chaza hujikinga kwa kukizungushia matabaka membamba ya madini ya chokaa. Mwanga unaporudi kutoka katika matabaka hayo, huzaa ule mng'ao laini ambao umeipa lulu sifa tangu kale.

Sokoni kuna aina tatu. Ya kwanza ni lulu asilia, iliyojiumba bila mkono wa binadamu. Hiyo ni adimu mno. Mwaka 2018, kidani kimoja chenye lulu asilia, kilichowahi kuwa cha Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, kiliuzwa mnadani mjini Geneva kwa zaidi ya dola milioni 36 za Marekani.

Aina ya pili ni lulu ya kufugwa. Mfugaji humpasua chaza kwa uangalifu, akampachika punje iliyochongwa kutokana na gamba pamoja na kipande cha nyama ya chaza mwingine, kisha akamrudisha majini. Mjapani Kokichi Mikimoto alifanikiwa kupata nusu lulu kwa ufugaji mwaka 1893, na lulu za mviringo zikafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Ufanisi huo, pamoja na mdororo wa uchumi duniani, uliiporomosha biashara ya wapiga mbizi wa Bahrain na Kuwait katika miaka ya 1930.

Leo, karibu lulu zote zinazouzwa ni za kufugwa. Hizo ni lulu za kweli, wala kuziuza si ulaghai. Ulaghai ni kuziita asilia, au kuuza aina ya tatu, yaani lulu bandia za kioo au plastiki zilizopakwa rangi, kwa jina la lulu halisi. Kwa hiyo mnunuzi adai aina ya lulu iandikwe kwenye risiti.

Zipo njia rahisi za kuitambua bandia. Lulu mbili halisi zikisuguliwa taratibu, hukwaruzana kidogo kana kwamba zina chembe za mchanga. Za bandia huteleza. Lulu halisi huwa baridi inapoguswa, na ile ya plastiki huwa nyepesi mno. Punje zote zikilingana bila dosari yoyote kwa bei ya chini, ni vyema kushuku. Kando ya tundu la uzi, rangi ya bandia mara nyingi huonekana ikibambuka. Hata hivyo, majaribio haya hayatenganishi lulu asilia na ya kufugwa. Kazi hiyo huhitaji maabara na picha za eksirei.

Akishajua kwamba lulu ni halisi, mnunuzi aanze na mng'ao. Aiweke juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha. Lulu bora huakisi mwanga kwa kingo kali, karibu kama kioo. Hafifu huonekana kama chaki. Kisha atazame uso iwapo una mashimo au mikwaruzo, umbo, na jinsi punje zinavyolingana. Rangi ni hiari ya mvaaji.

Ukubwa huja baadaye. Lulu za Akoya kutoka Japani nyingi ni za milimita 6 hadi 8. Zile za bahari za Australia, Indonesia na Ufilipino mara nyingi huzidi milimita 10, na bei hupanda nazo. Lulu za maji baridi kutoka Uchina ndizo nafuu zaidi, na baadhi hung'aa vizuri sana. Punje ndogo yenye mng'ao ina thamani kuliko kubwa iliyofifia.

Katika ukanda huu, akina mama wa vijiji vya Unguja kama vile Fumba na Bweleo wamejifunza kufuga chaza na kutengeneza vito vya maganda na nusu lulu. Nusu lulu huwa bapa upande mmoja kwa sababu hukua ikiwa imeshikamana na gamba, na ubapa huo si dalili ya ubandia.

Baada ya ununuzi hubaki utunzaji. Lulu ni laini na huharibiwa na siki, manukato na jasho. Huvaliwa mwisho, baada ya marashi kukauka, na huvuliwa kwanza. Ifutwe kwa kitambaa laini, ihifadhiwe katika kifuko cha nguo mbali na dhahabu na vito vigumu. Mkufu mzuri hufungwa fundo kati ya punje na punje, ili uzi ukikatika zisitawanyike zote. Uzi ukilegea, upelekwe kwa sonara kabla haujakatika.

Wahenga walisema rahisi ghali. Anayeuziwa lulu "asilia" kwa bei ya kutupa ana kila sababu ya kuuliza maswali kabla ya kufungua mkoba.