Uchafuzi wa maji kwa radiamu ya visima vya mafuta

Uchafuzi huu hutokea pale maji ya chumvi yanayopanda na mafuta au gesi kutoka chini sana ardhini yanapomwagwa mitoni. Maji hayo yamekaa mamilioni ya miaka katika miamba yenye urani na thori, ambazo zikioza huzaa radiamu, metali yenye mionzi, na kwa kawaida kadiri chumvi inavyozidi ndivyo radiamu inavyozidi.

Mfano unaojulikana ni wa Pennsylvania, Marekani, kwenye visima vya gesi vya mwamba wa Marcellus. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza kwamba mashapo ya kijito cha Blacklick, pale mtambo mmoja wa kusafishia majitaka ulipomwagia, yalikuwa na radiamu takriban mara 200 ya ile ya mashapo ya sehemu ya kijito iliyo juu ya mtambo. Mtambo ulikuwa ukiondoa sehemu kubwa ya radiamu. Lakini mabaki kidogo yalijikusanya katika mashapo. Hapo ndipo penye hatari: radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, kuchemsha maji hakuiondoi, na mwilini hufuata njia ya kalisi hadi mifupani, ambako huweza kuleta saratani.

Mwaka 2016, kwa kuchelewa, serikali kuu ilikataza majitaka ya visima vya aina hiyo kupelekwa kwenye mitambo ya umma.