Kaswende Iliyopona na Kipimo Kisichosahau

Mwanamke wa Kyerwa aliyetibiwa kaswende miaka mitano iliyopita, akipimwa tena kliniki ya wajawazito, kipimo cha haraka chaweza kuonyesha kwamba bado anaumwa. Huchomwa sindano nyingine, na nyumbani mume huanza kuhesabu miezi. Mara nyingi ugonjwa haupo. Kipimo hicho hakitafuti kijidudu bali kingamwili, nazo kwa watu wengi hubaki maisha yote hata penisilini ikiwa imekwisha kazi yake. Kipimo kinachoshuka baada ya tiba ni cha aina nyingine, VDRL au RPR, ambacho huhitaji maabara.

Hofu ya kwamba ugonjwa "umebaki mwilini" huitwa ujinga wa wanavijiji. Nadhani tunawaonea. Hofu hiyo ina historia, na waganga wa serikali waliiandika kwa sehemu kubwa.

Mnamo 1907 na 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alitangaza kwamba kaswende imeenea kupita kiasi Buganda na Ankole, ng'ambo tu ya mto Kagera. Watafiti wa baadaye waliona kuwa humo ilihesabiwa pia buba, maradhi ya ngozi yanayowapata zaidi watoto na yasiyohusiana na kujamiiana. Vijidudu vya maradhi hayo mawili ni ndugu, hata vipimo vya kawaida vya damu havivitofautishi mpaka leo. Mataifa mazima yakapewa sifa ya uasherati kwa kosa la uchunguzi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoitawala Tanganyika, sindano za buba zilipendwa mno kwa kuwa vidonda vilikauka upesi. Wengi hawakurudi kumaliza dozi. Dawa za wakati ule, za aseniki na bismuthi, zilihitaji kurudiwa kwa muda mrefu, na aliyekatiza aliweza kuugua tena. Kwa hiyo bibi aliyesema "haujatoka" alisema kweli. Ni penisilini, iliyoanza kutibu kaswende 1943, iliyobadilisha jambo hilo. Leo kaswende changa huponywa kwa dozi moja ya benzathini. Dawa ilibadilika, usemi ukabaki.

Kisha ukaja mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera. Watu waliuita Juliana. Uchunguzi wa 1987 ulikuta asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba Mjini wana virusi. Vijijini kiwango kilikuwa chini, kuanzia asilimia 0.4 hadi 10. Mkoa ulijifunza kwa makaburi kwamba maradhi ya zinaa hayatoki kwenye damu. Somo hilo, sahihi kwa VVU, lilihamishiwa kwenye kaswende na kisonono, ingawa utafiti wa Mwanza wa 1991 hadi 1994 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa hayo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40.

Dalili zikirudi, zisipuuzwe: mwenzi asiyetibiwa huambukiza upya, na kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi. Lakini anayenunua antibaiotiki dukani mara ya tatu bila dalili yoyote anatibu jibu la kipimo. Kadi ya kliniki ingeweza kuandikwa tarehe ya tiba, dawa iliyotolewa, na kama mwenzi alitibiwa. Ni mistari mitatu, na muuguzi wa zahanati ijayo asingelazimika kuanza upya kumhoji mama yule mbele ya foleni.