Namna Ndugu wa Vinasaba Walivyopata Kupangwa

Vipimo vya vinasaba vilipoanza kuuzwa kwa watafiti wa nasaba, majibu yalijipanga karibu yenyewe. Kampuni ya FamilyTreeDNA, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Bennett Greenspan mjini Houston, Texas, ilipima kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mtoto wa kiume peke yake. Kwa Waingereza jina la ukoo hupita njia hiyohiyo, basi waliopimwa walikusanywa kwa majina ya koo zao. Mwaka huohuo Bryan Sykes wa Oxford alichapisha utafiti juu ya wanaume wenye jina la ukoo kama lake, na karibu nusu yao walikutwa na kromosomu Y ya aina moja. Lakini njia hii hufuata mstari mmoja tu. Baba mzaa mama na bibi wa pande zote mbili hubaki nje.

Hali iligeuka mwaka 2009 na 2010, pale 23andMe na kisha FamilyTreeDNA zilipoanza kulinganisha kromosomu nyingine zote, zinazorithiwa kwa baba na kwa mama. AncestryDNA ikafuata mwaka 2012. Sasa aliyetema mate kwenye kichupa alirudishiwa orodha ndefu ya watu asiowajua, wakati mwingine maelfu, iliyopangwa kwa kiasi cha vinasaba wanavyoshiriki naye. Kipimo chake ni sentimogani, kilichopewa jina la Thomas Hunt Morgan, bingwa wa uchunguzi wa nzi wa matunda. Mzazi na mtoto hushiriki sentimogani 3,400 au zaidi kidogo, wajukuu wa babu mmoja, yaani watoto wa ndugu, wastani wa 870 hivi, vitukuu 230, vilembwe 70 tu, na katika kila jozi kumi za vilembwe, moja hivi haionyeshi udugu wowote kwenye kipimo. Takwimu hizo zinafahamika vizuri kwa sababu tangu mwaka 2015 Blaine Bettinger amekuwa akizikusanya kutoka kwa watu wa kujitolea. Hata hivyo, kiasi hueleza ukaribu wa ndugu, hakielezi upande anaotokea.

Watafiti wa kwanza walitafuta upande huo kwa kulinganisha vipande vya kromosomu. Watu watatu wakishiriki kipande kilekile, kila mmoja na wenzake wawili, hudhaniwa kwamba wamekirithi kwa mhenga mmoja. Kazi hiyo ni ya uhakika mkubwa lakini ya polepole mno, na AncestryDNA, yenye hazina kubwa kuliko zote, haikuwahi kuwaonyesha wateja mahali vipande vilipo. Iliwaonyesha tu ni ndugu gani wanaopatikana pia katika orodha ya ndugu mwingine.

Mwaka 2018 mtafiti wa Marekani, Dana Leeds, alionyesha kwamba hicho kidogo kinatosha. Huchukuliwa ndugu wenye sentimogani kati ya 400 na 90, ambao wengi huwa vitukuu au vilembwe wa wahenga walewale. Walio karibu zaidi huachwa, kwa kuwa wao hugusa babu na bibi kwa pamoja na kuchanganya makundi. Wa kwanza hupewa rangi, na wote wanaoshiriki udugu naye hupewa rangi ileile. Kisha huchukuliwa jina la kwanza lililobaki bila rangi, likapewa nyingine, hadi orodha iishe. Mara nyingi hutokea safu nne, moja kwa kila babu na kila bibi. Uzuri wa njia hii, na ni uzuri mkubwa, ni kwamba haihitaji jina hata moja la mhenga. Mtu aliyelelewa na wasio wazazi wake wa damu huweza kuanza bila chochote. Wamarekani Weusi pia hufaidika: katika sensa za watumwa za 1850 na 1860 wazee wao waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila majina, na ni sensa ya 1870 iliyoanza kuwataja wengi wao.

Kompyuta zilichukua kazi hiyo upesi. Evert-Jan Blom alitengeneza programu ya kuyapanga makundi, na MyHeritage ikaiingiza katika huduma yake mwaka 2019. Mwaka huo AncestryDNA iliwapa wateja alama za rangi 24.

Njia hizi zote hulegea pale ndoa za jamaa zilipozoeleka. Miongoni mwa Wayahudi wa Ashkenazi, na katika familia nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki na Oman ambako binamu huoana, ndugu mmoja huwa wa upande wa baba na wa mama kwa pamoja. Rangi hurundikana na safu nne huwa moja. Vipande vingi vidogo vya kale hujumlishwa na kumfanya jamaa wa mbali aonekane wa karibu. Watafiti wa jamii hizo hupandisha kiwango cha chini cha sentimogani, huangalia urefu wa kipande kikubwa kuliko vyote, na huwapima wazee kwanza, kwa kuwa mjukuu hurithi robo tu hivi ya vinasaba vya kila babu na kila bibi.